Si Jipya, Si Kuukuu: Punguzo la Kodi Lililomkwepa Mnyonge

Wako mabwana wasemao kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 2022 juu ya motokaa za umeme ilikuwa sheria ya kuwasaidia wanyonge, na kwamba wanyonge walianza kudhulumiwa pale ilipofutwa mwaka 2025. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kufutwa kwake kulikuwa dhuluma. Lakini sisi twasema dhuluma haikungoja siku ya kufutwa. Iliingia siku ile ile sheria ilipoandikwa, na aliyeuonja uchungu wake wa kwanza ni mfanyakazi aliyekwenda kununua motokaa iliyotumika mwaka mmoja tu.

Ndugu msomaji, usiseme, "Haya ya Marekani yatuhusu nini?" Huko wako watu wa lugha yetu hii. Wako Wakongo na Warundi waliopokewa kama wakimbizi, wako Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma wakabaki kufanya kazi. Wengi wanakaa mahali ambapo basi halipiti usiku, na kazi yao ni ya usiku: katika maghala, katika hospitali, katika viwanda vya nyama. Bila motokaa hakuna kazi, na bila kazi hakuna kodi ya nyumba wala fedha ya kumpelekea mama. Nao hawanunui motokaa mpya. Hununua iliyokwisha tumika, kama tununuavyo sisi. Basi sheria ya magari yaliyotumika ni sheria yao.

Tuitazame sheria yenyewe, maana haifai kupiga kelele juu ya jambo usilolisoma. Rais Joe Biden aliitia sahihi tarehe 16 Agosti 2022. Mwenye kununua motokaa mpya ya umeme iliyotimiza masharti alipewa punguzo la kodi hadi dola 7,500. Mwenye kununua iliyotumika, kuanzia tarehe 1 Januari 2023, alipewa asilimia 30 ya bei, lakini isipite dola 4,000. Gari la dola 10,000 lilileta dola 3,000. Gari la dola 20,000 lingeleta 6,000 kwa hesabu ya asilimia, lakini likakatwa, zikabaki 4,000. Na hilo halikuwa punguzo la bei. Kilikuwa kiasi kinachoondolewa katika kodi ya mapato ambayo mtu anadaiwa na Serikali yake.

Kabla ya hapo aliyenunua gari la umeme lililotumika hakupata hata senti moja ya punguzo hilo kutoka Serikali kuu. Wataalamu wawili wa uchumi wa California, Severin Borenstein na Lucas Davis, walizichunguza hesabu za kodi za miaka ya nyuma, wakaandika mwaka 2016 kuwa karibu asilimia 90 ya fedha za punguzo la motokaa za umeme zilikwenda kwa ile sehemu moja ya tano ya watu wenye mapato makubwa kuliko wote. Sehemu nne zilizobaki ziligawana makombo! Kwa hiyo mtu akisema sheria ya 2022 ilikuwa afadhali kuliko ile ya kwanza, hatutabishana naye. Ilikuwa afadhali. Sisi twauliza habari ya haki.

Ugomvi wetu umo katika maneno mawili, "mpya" na "iliyotumika". Motokaa mpya, kwa sheria ile, ni ile ambayo matumizi yake ya kwanza yanaanza na wewe. Ikiwa mtu mwingine amekwisha iandikisha kwa jina lake na kuiendesha, hata kwa mwezi mmoja, kwako si mpya tena, na zile dola 7,500 huna. Vema. Basi iite iliyotumika, upewe zile 4,000. La hasha! Motokaa iliyotumika, kwa sheria hiyo hiyo, lazima mwaka wake wa modeli uwe nyuma ya mwaka wa kununua kwa miaka miwili au zaidi. Ukinunua katika mwaka 2024, modeli iwe ya 2022 au ya zamani zaidi. Modeli ya 2023 haikubaliwi.

Je, motokaa ya modeli ya 2023 inayouzwa na mwenyewe wa kwanza mwaka 2024 ni kitu gani? Si mpya, kwa kuwa imetumika. Si iliyotumika, kwa kuwa haijazeeka. Ina magurudumu manne, ina betri, inakwenda barabarani kama wenzake, lakini mbele ya karani wa kodi haina jina.

Mimi nimefunzwa ualimu, na chuoni tulifundishwa kuwa ukitaka kujua ubora wa kanuni, mpe mtoto aifanyie hesabu ubaoni. Natuifanye. Bwana mmoja na mkewe, mapato yao dola 280,000 kwa mwaka, wananunua motokaa mpya ya modeli ya 2023 kwa dola 42,000, nayo imetimiza masharti yote. Wanapata dola 7,500, kwa kuwa mpaka wa mapato kwa mume na mke wanaonunua gari jipya ulikuwa dola 300,000. Mwaka 2024 wanachoka nayo, wanaitoa kwa mwuza magari. Mwuza magari anaiweka uwanjani kwa dola 24,000. Anakuja mwuguzi wa zamu ya usiku, mapato yake dola 48,000. Anaitaka. Anapata nini? Sifuri. Mtoto ataandika sifuri ubaoni, kisha atageuka kumtazama mwalimu kuona kama amekosea. Hakukosea.

Tuendelee, maana hesabu haijaisha. Mwuguzi yule akiinunua tarehe 31 Desemba 2024, hana kitu. Akiinunua kesho yake, tarehe 1 Januari 2025, motokaa ile ile, uwanja ule ule, bei ile ile, ana dola 4,000. Usiku mmoja tu! Motokaa haikuongeza hata maili moja.

Na ajabu kubwa zaidi ni hii. Sheria haikuhesabu umri wa motokaa. Ilihesabu namba ya modeli. Tuseme motokaa ya modeli ya 2023 ilikaa bila mnunuzi, ikauzwa mara ya kwanza Desemba 2023. Nyingine ni ya modeli ya 2024, na kama ilivyo desturi ya viwanda, ilitoka mapema, ikauzwa Agosti 2023. Zote mbili zinarudi kwa mwuzaji Januari 2025. Ya kwanza ina miezi 13 barabarani, nayo inapata punguzo. Ya pili ina miezi 17, imechakaa zaidi, nayo hainyoshewi mkono. Kijana amepewa pensheni, mzee ameambiwa arudi shuleni.

Tena liko gari la majaribio, lile ambalo mwuzaji huliweka wateja waliendeshe kuona kama watalipenda. Hilo limekaliwa na makumi ya watu, limezungushwa mji mzima, lakini maadamu halijaandikishwa kwa jina la mteja, kwa sheria lilikuwa bado jipya, na aliyelinunua aliweza kudai 7,500. Basi si uchakavu uliokuwa ukipimwa hapo. Kilichopimwa ni karatasi.

Sasa watatokea watetezi. Nimewasikia, na sitaki kuwasingizia maneno ya kipumbavu, kwa sababu hoja zao mbili zina uzito.

Ya kwanza wanasema: ile miaka miwili iliwekwa kuzuia ujanja. Mtu angenunua mpya, achukue 7,500, kisha mwezi ujao amwuzie shemeji yake, na shemeji achukue 4,000, na Hazina ikamuliwe mara mbili kwa motokaa moja. Ujanja wa namna hiyo upo, tusidanganyane. Lakini sheria ilikuwa na kufuli nyingine tele za mlango huo. Shemeji hakuweza kununua kwa shemeji, kwa kuwa ilikuwa lazima ununue kwa mwuzaji mwenye leseni; mtu kwa mtu hakukuwa na punguzo. Kila motokaa ilipewa punguzo la iliyotumika mara moja tu tangu sheria kutiwa sahihi. Mnunuzi naye hakuweza kudai punguzo hilo tena mpaka ipite miaka mitatu. Na aliyenunua mpya akaiuza ndani ya siku 30 alinyang'anywa zile 7,500. Kufuli nne! Ya tano ilikuwa ya nini? Kama waliogopa sana, wangesema motokaa iwe imekaa na mwenyewe wa kwanza miezi sita, au miezi kumi na miwili, tarehe zihesabiwe kwa hati ya kuandikishwa. Karani wa kawaida aweza kuzihesabu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo hutolewa na wataalamu. Wanasema: yule mwuguzi amekwisha faidika bila kujua. Kwa kuwa motokaa mpya ilipunguzwa dola 7,500, basi ya mwaka mmoja nayo bei yake imeshuka, maana nani atalipa bei kubwa kwa iliyotumika hali mpya ina punguzo? Ni kweli bei hufuatana. Lakini tuwaulize swali moja tu. Kama hoja hiyo yatosha kumnyima mnunuzi wa motokaa ya mwaka mmoja, mbona haikutosha kumnyima wa miaka miwili? Motokaa ya miaka miwili nayo ilianza maisha yake na punguzo. Nayo bei yake ilishuka. Hata hivyo ilipewa 4,000. Hoja ifaayo siku ya Jumatatu isiyofaa siku ya Jumanne si hoja, ni kisingizio.

Tena yatupasa kutazama namna fedha zilivyokwenda. Bwana alipewa hati ya dola 7,500 kwa jina lake. Mwuguzi aliambiwa ashukuru soko. Soko halina dirisha la malalamiko.

Na bwana akiwa tajiri mno hata akapita ule mpaka wa 300,000? Wenye kuandika sheria hawakumtupa. Palikuwa na punguzo jingine kwa ajili ya magari ya biashara, nalo halikuwa na mpaka wa mapato wala wa bei ya gari. Mwishoni mwa mwaka 2022 Hazina ya Marekani ikaeleza kuwa kampuni inayokodisha motokaa kwa mikataba yaweza kulidai hilo. Basi Mbenzi wa Marekani hakununua, alikodi. Kampuni ikachukua hadi 7,500, na mara nyingi ikampunguzia malipo yake. Mlango wa mbele uliandikwa "matajiri hapana", wa nyuma ukaachwa wazi na taa inawaka.

Linganisha na mlango wa mnunuzi wa gari lililotumika. Mapato yasizidi dola 75,000 kwa mtu mmoja, 112,500 kwa mkuu wa nyumba anayelea watu, 150,000 kwa mume na mke, ingawa, tuseme kweli, aliruhusiwa kutumia mapato ya mwaka ule au ya mwaka uliotangulia. Asiwe anategemewa katika hesabu za kodi za mtu mwingine, kwa hiyo kijana anayefanya kazi ya nusu siku na bado yumo katika karatasi za baba yake hakupata. Bei isizidi dola 25,000. Na hapo kwenye bei ndipo wengi walipotegwa.

Maana zile 25,000 hazikuwa bei iliyobandikwa kwenye kioo tu. Ada anazoweka mwuzaji mwenyewe, kama ile ya kuandika karatasi, zilihesabiwa ndani. Kodi za serikali na ada za kuandikisha hazikuhesabiwa. Gari la kioo cha 24,900, ongeza ada ya mwuzaji ya dola 300, ni 25,200. Umepita mpaka kwa dola 200, nawe umepoteza 4,000 zote. Hazikupunguzwa kidogo kidogo. Zilikatika kama kamba. Hata ukitoa gari lako la zamani badala ya sehemu ya bei, hesabu ilibaki ile ile ya bei kamili. Na mwuza magari aliyejua hayo angeweza kukuonya, lakini yeye alikuwa akitafuta ada yake.

Kisha ripoti. Ili mnunuzi apate punguzo, ilikuwa lazima mwuzaji apeleke ripoti ya mauzo kwa Idara ya Kodi. Kuanzia 2024 ripoti hiyo ilipelekwa kwa mtambo wa Idara ndani ya siku tatu, na mwuzaji awe amejiandikisha humo kwanza. Asipojiandikisha, au akiandika namba ya motokaa vibaya, mnunuzi akidai punguzo lake hukataliwa. Kosa la mwuzaji, adhabu ya mnunuzi. Mtu asiyejua Kiingereza vizuri, aliyepewa bunda la karatasi saa kumi na mbili jioni akaambiwa atie sahihi hapa na hapa, atajuaje kama ripoti ilikwenda?

Sitaki kuficha jema lililokuwamo. Katika mwaka 2023 punguzo lilikuwa na mwisho wake: halikuweza kupita kodi unayodaiwa, wala baki halikurudishwa. Mwenye kudaiwa kodi ya dola 900 alipata 900, na zile 3,100 zikapotea. Kadiri ulivyokuwa maskini, ndivyo ulivyopewa kidogo. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2024 mnunuzi aliweza kumwachia mwuzaji haki ya punguzo, akapunguziwa bei pale pale dukani, na Idara ya Kodi ilisema haitamdai mtu kwa sababu tu kodi yake ilikuwa ndogo. Aliyezidi mpaka wa mapato ndiye aliyetakiwa kurudisha. Hilo lilikuwa jambo la haki kabisa, na aliyelifikiri tunampa mkono. Lilionyesha kuwa walipotaka kumfikiria kabwela waliweza.

Na mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2024 kampuni ya Hertz ilitangaza kuwa itauza motokaa zake za umeme kama 20,000. Fikiri uwanja mmoja wa mauzo, motokaa mbili pacha za rangi moja na bei ya chini ya 25,000, moja modeli ya 2022 na ya pili ya 2023. Mtu asiye na wa kumweleza angechagua ile mpya zaidi, kama mtu yeyote mwenye akili, akapoteza 4,000 kwa kuchagua vizuri.

Halafu mwaka 2025 wakafunga duka lote. Hapa pana jambo la kukumbukwa. Sheria ya 2022 ilipita katika Senate tarehe 7 Agosti kwa kura 51 kwa 50, na kura ya mwisho ilikuwa ya Makamu wa Rais Kamala Harris. Sheria iliyoiua ilipita katika Senate tarehe 1 Julai 2025 kwa kura 51 kwa 50, na kura ya mwisho ilikuwa ya Makamu wa Rais JD Vance. Rais Donald Trump akaitia sahihi tarehe 4 Julai. Punguzo la jipya, la lililotumika na la biashara yakakatwa kwa magari yaliyopatikana baada ya tarehe 30 Septemba 2025. Motokaa za modeli ya 2024, ambazo zingefikia haki yao Januari 2026, zikafungiwa mlango zikiwa kizingitini. Aliyeambiwa angoje, alingoja bure.

Waliofuta wakasema Serikali isiingilie kumchagulia mtu gari. Maneno mazuri! Lakini sheria yao hiyo hiyo imempa mtu ruhusa ya kuondoa riba ya mkopo wa motokaa, hadi dola 10,000 kwa mwaka, katika mapato yanayotozwa kodi, kuanzia 2025 hata 2028. Motokaa ipi? Iliyoungwa Marekani, na mpya. Mpya peke yake! Yule anayekopa kununua iliyotumika, ambaye riba yake kwa kawaida ndiyo kubwa zaidi, hayumo. Chama kimoja kilimpa nafasi nyembamba, chama cha pili kikaiziba, na vyote viwili vilipofika kwenye neno "mpya" vilielewana bila mkutano.

Watunga sheria hubadilika, na siku moja jambo hili litarudi mezani. Likirudi, wenzetu walioko huko wenye haki ya kupiga kura wadai mambo haya kwa majina yake. Motokaa ihesabiwe kwa miezi tangu kuandikishwa mara ya kwanza, si kwa namba ya modeli. Mpaka wa bei na wa mapato ushuke kwa ngazi, usiwe genge. Ripoti isipokwenda, alipe mwuzaji. Na gari la mwaka mmoja liingizwe, kwa sababu ndilo gari ambalo betri yake bado ina nguvu, dhamana ya kiwanda bado haijaisha, na bei yake imekwisha anza kuteremka. Yaani ndilo linalomfaa mtu asiye na fedha ya kufanyia majaribio.

Kwa sasa liko la kufanya. Aliyenunua motokaa ya umeme iliyotumika kwa mwuzaji mwenye leseni tangu Januari 2023, au aliyefunga mkataba wa maandishi na kutoa malipo, hata ya mwanzo, kabla ya Septemba 2025 kwisha, na hakupunguziwa bei dukani wala hakudai katika hesabu zake, asidhani yamekwisha. Kwa kawaida sheria ya kodi ya huko humpa mtu miaka mitatu tangu kupeleka hesabu zake ili azirekebishe. Atafute nakala ya ripoti ya mauzo, aangalie namba ya motokaa kama ni sawa na ile iliyo kwenye gari, atazame modeli na bei pamoja na ada za mwuzaji, kisha ajaze fomu 8936. Asiyejua kusoma karatasi hizo ampelekee ajuaye, na ajuaye asiombe chai. Nakala ya ripoti ikiwa haionekani, aende kwa mwuzaji aliyemwuzia na kuidai kwa maandishi, abaki na nakala ya barua yake.